Wimbo Usioimbwa Bila Maji

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa wembe. Sikupewa kinanda wala karatasi ya nota. Nilipewa wembe wa kunyolea ndevu, umefungwa ndani ya karatasi yake, pamoja na kibandiko cha kuungia utepe na stopuwochi iliyokatika kamba. Mkuu wa Muziki katika kitengo cha filamu cha serikali, Nairobi, aliviweka mbele yangu, akanitazama juu ya miwani.

"Bwana Abdi," akasema, "kwenye barua yako umeandika wewe ni mtunzi. Hapa mtunzi ni mtu anayejua kukata. Kaa, ukate."

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ninawaandikia ninyi vijana mnaotunga muziki wa filamu na televisheni kwa kompyuta, mnaofuta kosa kwa kidole kimoja na kulirudisha kwa kingine. Sisemi zamani ilikuwa bora. Mgongo wangu hautanikubalia niseme hivyo. Ila nimeona kwamba mkinitembelea mnaniuliza habari za mitambo, hata bei ya mikrofoni, na hakuna anayeniuliza nilikosea wapi. Nami kazi hii nilifundishwa na kosa moja, nililolifanya Bura mbele ya ngamia arobaini.

Kwanza mjue tulivyofanya kazi. Siku hizo sauti ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Ilikaa juu ya utepe mwembamba wa rangi ya kahawia, uliozungushwa kwenye gurudumu. Ukitaka kuondoa kikohozi cha mtu, unauvuta utepe huku na huku kwa vidole mpaka usikie mahali kikohozi kinapoanzia, unatia alama kwa penseli nyeupe, unakata kwa mshazari, unaunga pande mbili zilizobaki, na kikohozi unakiacha kianguke sakafuni. Jioni sakafu ya chumba chetu ilijaa vikohozi, nyayo za watu na nusu za nyimbo. Mfagiaji alikuwa akinilaumu kila siku.

Filamu ikishapangwa, mtunzi alipewa karatasi ya nyakati. Imeandikwa: sekunde ya arobaini na mbili, mwalimu anafungua mlango; sekunde ya hamsini, watoto wanasimama. Kazi yako ni kuhakikisha muziki unafika mlangoni pamoja na mwalimu. Ukitangulia, watazamaji wanajua kuna mtu anakuja. Ukichelewa, unaonekana mjinga. Na ukiishiwa na muziki kabla filamu haijaisha, unatengeneza kitanzi, yaani unaunga mwisho wa kipande na mwanzo wake, kikazunguka kwenye mashine hata saa nzima ukitaka. Kitanzi kiliwaokoa watunzi wengi wavivu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mkuu wa Muziki alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila Jumatatu. "Mtu akitoka kwenye filamu yako akausifu muziki, njoo mwenyewe uniambie, nikuandikie barua ya kuachishwa kazi. Muziki wa filamu ukisikika, umeshindwa." Mara ya kwanza nilicheka. Yeye hakucheka.

Huko nyumbani Garissa, mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko "ofisi ya habari". Neno muziki hakulitia kinywani. Aliniombea dua nipate kazi nyingine, kisha, kwa kuwa alikuwa mama, aliniombea nipandishwe cheo katika hiyo hiyo niliyo nayo. Dua ya pili ndiyo iliyotangulia kujibiwa. Baada ya miaka miwili nilihamishiwa ofisi ya mkoa, Garissa, kwa cheo cha Msaidizi wa Sauti na Muziki, chini ya Afisa wa Filamu wa Mkoa.

Huyu Afisa alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye kulima sukuma wiki ndani ya mikebe kwenye dirisha la ofisi na kuinyweshea chai iliyobaki. Alipenda karatasi kuliko filamu. "Kila kitu nakala tatu, Abdi," aliniambia siku ya kuripoti. "Hata ukipiga chafya, nakala tatu." Nairobi walikuwa wamemwandikia kwamba wanamletea mtaalamu wa mila za eneo. Hapo nilinyamaza, maana ukweli ulikuwa mwingine. Mimi nilizaliwa Garissa mjini, nyuma ya maduka, nikasomea shule ya bweni. Maziwa ya ngamia nimeyanywa maisha yangu yote, lakini ngamia mwenyewe nilimjua kama mnavyomjua ninyi, kwa kumwona akipita.

Kazi kubwa ya mwaka ule ilikuwa filamu ya nusu saa kuhusu ugonjwa unaoletwa na nzi. Ngamia akiuugua hukonda pole pole, nundu inalala, mwisho anakaa chini na hainuki. Ulikuwa umeenea kuanzia Ijara, penye vichaka na nzi wengi, ukipanda na mto. Daktari wa Mifugo wa wilaya, mwanamke mrefu aliyetembea haraka kuliko gari lake, alinieleza kwamba dawa ipo, ni sindano moja tu, lakini wafugaji wanaikwepa. Uvumi ulikuwa umesambaa kwamba ngamia akidungwa huharibu mimba.

"Na si kwamba hawajui ugonjwa," alisema. "Mzee ananusa mchanga uliokojolewa na ngamia, ananiambia huyu mgonjwa, huyu mzima. Mimi nahitaji darubini kufika hapo alipofika kwa pua. Shida ni kwamba hawaniamini."

"Wanamwamini nani?" niliuliza.

Akacheka. "Nimeambiwa ni mjomba wako."

Ndivyo nilivyotumwa kwa Abti Dagane, kaka wa mama yangu. Abti ndilo neno letu la mjomba, na mjomba naye humwita mpwa wake vivyo hivyo, kwa hiyo sisi wawili tulikuwa tunaitana jina moja. Alikuwa na ngamia arobaini na fungu la maji katika kisima kilicho kwenye laga, yaani mto mkavu, mwendo wa siku moja ndani ya nyika kutoka Bura. Watu wa kisima kile walimfuata yeye. Dagane akikubali sindano, wote wangekubali. Akikataa, lori la dawa lingerudi limejaa.

Nilifika kisimani na kinasa sauti begani, nikaona kazi ambayo mpaka leo sijaona ya kuishinda. Wanaume watatu walisimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine kwenye vipandio vilivyochongwa ukutani, wakirushiana ndoo ya maji kutoka gizani hadi juu kwa mwendo wa wimbo. Abti alikuwa wa juu, anayemimina kwenye birika na kuimba. Ngamia walikuwa wamezuiwa mbali, kimya, masikio yamesimama. Alipofika mahali fulani katika wimbo, wakaachiliwa kumi. Kumi tu. Waliobaki hawakusogea.

Kila kitu kilinishangaza. Niliuliza maswali kama mtoto: mbona hawa kumi, mbona si wale? Mbona sasa sauti imeshuka? Abti alinijibu kati ya ndoo na ndoo. Wimbo ule, alisema, una sehemu nne. Ya kwanza inawaita. Ya pili inawaambia wanywe taratibu, maji yapo. Ya tatu ni ya raundi ya pili, wanapopumzika na kurudi. Ya nne inawaruhusu waende, na kuwaambia malisho yako upande gani. "Ngamia anajua zote nne," alisema. "Wewe unajua ngapi?"

"Sijui hata moja, abti."

"Mkataa kwao mtumwa," akanitania. Kisha akakubali niurekodi, kwa sharti. "Ukianza, maliza. Huu hauachwi katikati."

Sasa, mashine yangu ilichukua utepe wa dakika kumi na tano. Wimbo wa Abti ulikuwa mrefu kuliko hapo. Utepe uliisha mwanzoni mwa sehemu ya nne, na wakati nikihangaika kubadilisha gurudumu kwa vidole vya jasho, ngamia walikuwa wameshageuka kwenda zao. Abti alitoka kisimani, akajifuta uso kwa kitambaa cha bega, akauliza, "Umeshika yote?"

"Yote, abti," nikasema.

Sijui kwa nini nilidanganya. Nafikiri niliona aibu kumwambia mzee aliyemimina maji tangu alfajiri kwamba chombo cha serikali kimechoka kabla yake.

Alikubali vilevile kuwa wa kwanza kuleta ngamia kwenye sindano. Dawa ingetolewa Bura, mahali wengi wanapopita na mifugo, na jioni ya kuamkia siku ya sindano tungeonyesha filamu. Nilirudi Garissa nikiwa na furaha isiyo na adabu. Nikajifungia chumbani na wembe wangu.

Mnajua mtunzi akipata kipande kizuri anavyokuwa. Sehemu ya kwanza, ile ya kuita, ilikuwa na mruko mmoja wa sauti ambao kama ungetungwa na mimi ningejivunia hadi kaburini. Nikaikata peke yake. Nikaitilia kibodi chini yake, pole pole, na filimbi. Nikaiweka mwanzoni mwa filamu, nikairudisha kila Daktari anapoinua sindano. Sehemu mbili zilizofuata, na ule mwanzo wa ya nne, nikazitia kwenye mkebe wa masalia. Kisha nikatengeneza kitu cha ziada. Magari yote ya sinema yalikuwa na utepe wa mwito, yaani muziki unaopigwa alasiri kwa spika za juu ya gari ili watu wajue leo kuna filamu. Mimi nikaona, mwito gani utawavuta wafugaji zaidi ya mwito wao wenyewe? Nikaifanya sehemu ya kwanza kitanzi. Abti akaita, na kuita, na kuita, nusu saa nzima, bila kufika mwisho.

Afisa wa Filamu alisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniuliza kama nimetoa nakala tatu.

Tulifika Bura baada ya adhuhuri. Abti Dagane alikuwa ameshafika na kundi lake, wamepumzika nje kidogo ya mji. Ngamia wake walikuwa na siku tisa bila maji. Hilo halikuwa ajabu wakati wa jua. Zamu yao kisimani ilikuwa imebaki siku tatu, na mtoni hakutaka kuwapeleka, maana nzi wenyewe ndiko waliko. Tulisalimiana, nikamwonyesha gari, spika, na kitambaa cheupe kilichowambwa kati ya nguzo mbili. Aliangalia vyote kwa heshima. Kwenye alasiri, watu wakiwa wameanza kukusanyika, na mama mmoja muuza maziwa ameshapata mahali pazuri pa kukaa, nikawasha utepe wa mwito.

Sauti ya Abti ilitoka juu ya gari, kubwa kuliko ilivyowahi kuwa kisimani, ikapita juu ya mabati ya maduka mpaka nyikani.

Nilikuwa nimeinama nikirekebisha spika ya kushoto. Niliposikia watu wamenyamaza nikainua kichwa. Ngamia walikuwa wanakuja. Hawakukimbia, ningependa kama wangekimbia, ningesema wameshtuka. Walikuja kwa mwendo wao wa kisimani, kumi mbele, wengine nyuma wakisubiri, na wachungaji wakipiga kelele na kurusha fimbo bure. Wale kumi wakasimama mbele ya gari kwa mstari, shingo zimenyoshwa, wakatazama spika. Wa mbele alikuwa jike mzee mweupe, jina lake Adey. Alisogea, akainama, akalamba boneti ya gari. Kisha akainua kichwa, akangoja.

Spika ikaita tena.

Nilizima. Walibaki wamesimama. Wachungaji waliwavuta, wakawasukuma mabegani, wakawapigia makofi, wapi. Mwito walikuwa wameusikia, na mtu wa kuwaruhusu waende hakuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa wimbo ule ni nini.

Abti Dagane alikuja kwa miguu, taratibu, akasimama kati ya ngamia wake na gari. Hakunitazama. Alizungumza na Afisa wa Filamu, kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Mkubwa. Hii sauti ni ya mimi?"

"Ndiyo, mzee. Sauti nzuri sana," alisema Afisa, maskini, akidhani anaulizwa maoni.

"Sauti yangu naita ngamia yangu. Haye. Maji iko wabi?"

Afisa alinigeukia mimi. Mimi niligeukia mchanga.

"Miaka arobaini," alisema Abti, "mimi habana danganya ngamia. Mtu nimedanganya, wallahi, hata serikali nimedanganya. Ngamia, habana. Leo nasema njoo maji, njoo maji, na maji hakuna. Kesho nikiita, hii ngamia itasema nini? Itasema Dagane ni mwongo."

Yule muuza maziwa akasema kwa Kisomali, kwa sauti ya kusikika, "Na sindano yake sasa ina nini ndani?" Watu wakaguna. Nikaona wachungaji wengine, waliokuwa wamekuja na makundi yao kumfuata Dagane, wameanza kuwageuza ngamia. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale pale mbele ya gari.

Abti akanigeukia, na kwa lugha yetu akasema pole pole, "Uliniambia umeshika yote, abti."

"Nilidanganya. Utepe uliisha. Na iliyobaki niliikata."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Mkononi nilikuwa bado nimeshika bisibisi.

Kesi ya kwetu haingoji ofisi ifunguliwe. Wazee watatu walikaa chini hapo hapo, wakazungumza muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, wakatoa hukumu ya maneno mawili: aliyewaita awanyweshe. Yaani mimi, sasa hivi, kabla jua halijazama, kwa mkono wangu, na kwa wimbo. Kama wangenyweshwa kabla hawajaondoka, basi mwito haukuwa uongo, ulikuwa umechelewa tu. Dagane angebaki na neno lake. Kama wangefukuzwa na kiu yao, limekwisha.

Maji yalikuwepo. Lori la maji la msafara wetu lilisimama nyuma ya gari la sinema, limejaa, kwa ajili ya dawa na watu. Mkuu wa msafara alikuwa Afisa wa Filamu.

"Fomu inasema matumizi ni watu na vifaa," alisema. "Ngamia hawamo, Abdi."

"Bwana, bila maji hayo kesho hakuna sindano."

"Nani atatia sahihi?"

"Mimi."

"Cheo chako hakitoshi."

"Basi andika jina langu bila cheo."

Daktari wa Mifugo alikuwa ameshafungua mabirika yake ya turubai bila kumwuliza mtu, anayapanga chini. Afisa akamtazama yeye, akamtazama Adey, ambaye sasa alikuwa akilamba kioo cha gari. Akatoa kalamu mfukoni, akaandika kwa utaratibu wake wote, karatasi ya kaboni ikiwa mahali pake, nikatia sahihi mara tatu. Kisha akavua viatu, akaingiza soksi ndani ya kiatu cha kushoto, akachukua ndoo. "Andika pia kwamba nililazimishwa," akaniambia.

Nilichota kutoka bomba la lori, nikamimina, nikachota. Mikono iliyozoea wembe ilichubuka kabla ngamia kumi wa kwanza hawajashiba. Na kuimba nikaimba. Sauti yangu ni mbaya, sijawahi kuificha. Watunzi wengi tumekimbilia utunzi kwa sababu hiyo. Sehemu ya kwanza niliijua kwa moyo, kwa vile nilikuwa nimeisikia mara elfu. Ya pili na ya tatu nilizikumbuka kwa vipande, jinsi nilivyokuwa nimezikata, na mara mbili niliunga mstari mahali usipohusika, watu wakacheka. Muuza maziwa akanipa jina la utani hapo hapo: Biyalaawe, asiye na maji. Kwetu jina la utani halirudishwi likishatolewa. Bado ninaitwa hivyo sokoni.

Ngamia walikunywa. Hawakujali sauti ilikuwa ya nani, mradi maji yalikuwa yanafuata maneno. Jua lilipokuwa limegusa miti, raundi ya pili ikaisha, nami nikanyamaza nimeshika ndoo tupu. Ngamia wakainua vichwa, midomo inachuruzika, wakasubiri.

"Endelea," alisema mmoja wa wazee.

"Siijui ya nne."

Abti Dagane alikuwa amekaa pembeni muda wote ule, mikono juu ya magoti. Alinyanyuka. Akanyoosha kidole kwenye kinasa sauti nilichokuwa nimekibeba begani kwa mazoea tu. "Zima chombo," akasema. Hakikuwa kimewashwa, lakini nilikivua nikakiweka mbali. Ndipo akaimba ile ya mwisho, si kwa nguvu, kama mtu anayeaga mlangoni. Adey alikuwa wa kwanza kugeuka. Kundi lote likamfuata kuelekea malaloni, likipita katikati ya watu bila kumgusa mtu.

Filamu hatukuionyesha jioni ile. Asubuhi Abti aliwaleta kwenye sindano kama alivyoahidi, na makundi mengine yakafuata nyuma yake. Nilimshukuru. Akasema, "Usinishukuru bado. Tutajua kisimani."

Siku tatu baadaye nilikuwa kisimani, bila mashine. Ngamia walizuiwa mbali kama ile siku ya kwanza. Abti alimimina ndoo moja, akaanza sehemu ya kwanza. Hawakusogea. Akarudia mstari. Adey alisimama, masikio mbele, akitazama birika, kisha akimtazama yeye. Sijawahi, katika studio yoyote, kungoja sekunde ndefu kama zile, na stopuwochi sikuwa nayo. Halafu yule jike mzee akavuta mguu mmoja, akaja. Tisa wakamfuata. Nililia bila kujificha, na Abti, akiwa bado anaimba, akanirushia maji ya ndoo kichwani.

Ofisini kulikuwa kunanisubiri barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nisichukuliwe hatua. Kabla sijaijibu, Mkuu wa Muziki alipiga simu kutoka Nairobi.

"Nimesikia kuna watazamaji walioisikia sana kazi yako."

"Ndiyo, bwana."

"Akina nani?"

"Ngamia, bwana."

"Nilikwambia ikitokea uje mwenyewe."

"Nije?"

"Baki huko. Rekebisha filamu. Na usinitumie kitu chenye filimbi."

Niliirekebisha. Wimbo wa Abti niliutoa wote. Mwanzo wa filamu nikaweka kengele ya mti anayovaa ngamia shingoni, nyayo mchangani, basi. Kwa ugonjwa nilimkamata nzi mmoja, nikamtia ndani ya chupa pamoja na mikrofoni ndogo, nikarekodi mlio wake, kisha nikaupiga kwa mwendo wa nusu mpaka ukawa mlio mzito wa kuchosha. Tulipoionyesha Ijara, mlio ule ulipoanza, watu walijifunika shuka bila kujua ni kwa nini. Hakuna aliyesifu muziki.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Nilitunga muziki wa michezo ya televisheni, wa filamu za shule, wa filamu moja iliyopigwa kambini Dadaab ambamo mama mkimbizi alitikisa kibuyu cha maziwa akiimba, nami nikamwuliza kwanza wimbo ule unaishia wapi. Akaniambia, siagi ikishatoka. Nikangoja siagi. Mkurugenzi wa filamu alikasirika, utepe ukatumika magurudumu matatu, na nikapewa onyo la maandishi. Nakala tatu.

Sasa nimestaafu. Ninakaa Garissa, nyumba ya mama, mwenye dua. Abti Dagane alifariki zamani, Mungu amrehemu. Kabla hajaondoka alinifundisha ile sehemu ya nne, mstari kwa mstari, na kuniambia isiingie kwenye utepe. Utepe wenyewe ninao. Niliziunga upya sehemu zake tatu, kila kipande mahali pake, nikabakia na maungio kumi na moja yanayosikika kidogo kama mtu anayemeza mate.

Mwaka jana alikuja binti mmoja mtunzi wa muziki wa televisheni, ana kompyuta ndogo kwenye mkoba. Alitaka dakika moja tu ya wimbo, ile ya mwanzo. Sikumkatalia. Nilimwambia asubiri, nikaenda kwenye bomba, nikajaza karai maji, nikaliweka nje ya lango.

"Maji ya nini, mzee?" akaniuliza.

Niliwasha mashine. Tukasikiliza zote tatu, yeye akiwa ameshika kalamu bila kuandika. Utepe ulipofika mwisho ukaanza kujipigapiga kwenye gurudumu, kama kawaida yake. Binti akanyoosha mkono kuuzima, nikamzuia. Nje ya lango tulisikia mkokoteni umesimama, na muuza maji akimgombeza punda wake, ambaye tangu asubuhi amebeba mitungi ya watu. Punda alikuwa anakunywa.

Niliimba sehemu ya nne kwa sauti yangu hii mbaya, pole pole, mpaka niliposikia karai linakwaruzwa tupu. Ndipo nikazima mashine.